Manufaa ya Utoaji wa Dawa kwa Mashine katika Vituo Vidogo vya Afya: Uzoefu wa Hospitali za Vijijini za Marekani na wa Alexandra, Afrika Kusini

Utangulizi

Maandishi mengi yanayohusu utoaji wa dawa kwa mashine yamejengwa juu ya uzoefu wa hospitali kubwa: hospitali za rufaa na za kufundishia zenye mamia ya vitanda na famasia inayofanya kazi usiku na mchana. Kwa sababu hiyo, manufaa yanayotajwa mara nyingi ni yale yanayozihusu hospitali hizo, hususani kupungua kwa muda ambao wauguzi huutumia kusubiri dawa kutoka famasia kuu. Makala hii inaelekea upande mwingine. Inafafanua manufaa ya teknolojia hiyo katika vituo ambavyo mfamasia hayupo kwa sehemu kubwa ya siku, au hayupo kabisa. Hoja inayoongoza ufafanuzi ni kwamba manufaa ya mashine katika kituo kidogo ni ya aina nyingine, na wala hayawezi kukadiriwa kwa kuchukua manufaa ya hospitali kubwa na kuyagawa kwa idadi ya vitanda.

Umuhimu wa suala hili unatokana na mahali makosa ya dawa yanapotokea. Katika utafiti uliofanyika kwenye hospitali mbili za Boston, Leape na wenzake (1995) walibaini kwamba asilimia 39 ya makosa makubwa ya dawa yalitokea daktari alipoandika agizo, asilimia 12 wakati wa kunakili agizo, asilimia 11 famasia ilipotoa dawa, na asilimia 38 dawa ilipokuwa ikipewa mgonjwa. Takwimu nyingine ya utafiti huohuo ina uzito zaidi kwa mjadala huu. Karibu nusu ya makosa ya uandishi wa agizo yaligunduliwa kabla hayajamfikia mgonjwa, kwa kuwa nyuma ya daktari walikuwapo mfamasia na muuguzi. Makosa ya hatua ya mwisho yaliyozuiwa yalikuwa asilimia 2 tu, kwa kuwa nyuma ya muuguzi hapakuwa na mtu. Katika kituo kidogo, hali ya kutokuwa na mtu nyuma huanza mapema zaidi. Mara nyingi anayeandika dawa, anayeitoa kabatini na anayempa mgonjwa ni watu wawili, na usiku huweza kuwa mmoja. Shirika la Afya Duniani lilipozindua kampeni yake ya tiba isiyo na madhara mwaka 2017 lilikadiria gharama ya makosa ya dawa duniani kuwa dola za Marekani bilioni 42 kwa mwaka. Kiasi hicho hakielezi ni wapi hasa gharama hiyo inalipwa, lakini mantiki ya takwimu za Boston inaelekeza macho mahali penye watumishi wachache.

Kabati la dawa na namna linavyofanya kazi

Makabati ya dawa yanayoendeshwa kwa kompyuta yalianza kuingia katika hospitali za Marekani mwishoni mwa miaka ya 1980. Kabla ya hapo wodi zilikuwa na kabati la kawaida lenye kufuli, dawa zikiwa ndani ya makopo na chupa, na ufunguo ukikaa mfukoni mwa muuguzi wa zamu. Kabati la kisasa huunganishwa na orodha ya wagonjwa waliolazwa. Muuguzi hujitambulisha kwa nenosiri au alama ya kidole, huchagua jina la mgonjwa, na kioo humwonyesha dawa ambazo mfamasia ameshazipitia kwa ajili ya mgonjwa huyo. Akichagua dawa, droo hufunguka. Mashine huandika jina la muuguzi, jina la mgonjwa, dawa, kiasi na saa. Kwa dawa za kulevya, kama vile mofini, humtaka muuguzi ahesabu zilizobaki na kuingiza idadi hiyo kabla hajachukua.

Droo zenyewe ni za aina mbili, na tofauti yake haifai kupuuzwa. Ipo droo ya wazi iliyogawanywa kwa vibao, ambayo ikifunguka huonyesha dawa zote zilizomo, pengine kumi au ishirini. Ipo pia droo yenye vifuniko, ambapo kinachofunguka ni kifuniko cha dawa iliyoombwa tu na vingine hubaki vimefungwa. Aina ya kwanza ni rahisi kwa bei na hubeba dawa nyingi zaidi, hivyo kituo chenye fedha kidogo huvutwa nayo. Hata hivyo, sehemu kubwa ya kinga inayotarajiwa imo katika aina ya pili. Kituo kinachonunua droo za wazi pekee kimenunua daftari zuri la kumbukumbu, lakini mkono wa muuguzi bado unaweza kuangukia kichupa cha jirani.

Mfumo wote unasimama juu ya sharti moja lililotangulia mashine kwa miongo kadhaa: kila dozi iwe na kifungashio chake, kikiwa na jina la dawa, nguvu yake, namba ya toleo, tarehe ya kuisha muda na, siku hizi, msimbopau. Kidonge kilichomwagwa kutoka kopo la vidonge 1,000 hakitambuliki na mashine yoyote.

Saa ambazo mfamasia hayupo

Mwaka 1997, kufuatia kufungwa kwa hospitali nyingi za vijijini, Bunge la Marekani lilianzisha kundi maalumu la hospitali ndogo zinazolipwa na bima ya serikali kwa kufuata gharama halisi. Hospitali ya kundi hilo haipaswi kuwa na vitanda vya kulaza zaidi ya 25, wagonjwa wake hukaa kwa wastani usiozidi saa 96, na kwa kawaida huwa umbali wa zaidi ya maili 35, yaani kama kilomita 56, kutoka hospitali nyingine. Zipo zaidi ya 1,300 nchini humo. Hospitali ya ukubwa huo hulazimika kupokea wagonjwa saa 24, lakini kazi ya famasia yake haitoshi kumwajiri mfamasia wa zamu tatu. Katika nyingi, mfamasia huwepo saa za mchana. Katika baadhi, huwepo saa chache kwa juma.

Taratibu za ithibati za hospitali nchini humo zinataka mfamasia apitie agizo la daktari kabla dozi ya kwanza haijatolewa, isipokuwa katika dharura au pale daktari mwenyewe anaposimamia utoaji. Kwa hospitali ya vitanda 25, usiku mzima ulikuwa unaangukia katika upungufu wa kanuni hiyo. Muuguzi msimamizi alifungua stoo ya dawa, akachukua alichokiona kinafaa, akaacha karatasi mezani, na mfamasia akaipitia asubuhi wakati dawa ilikuwa imeshaingia mwilini mwa mgonjwa.

Kabati la kompyuta lilipounganishwa na mtandao, lilileta uwezekano ambao kabati la kufuli halikuwa nao kamwe. Agizo hutumwa kwa mfamasia aliye mji mwingine. Mfamasia huyo huona umri wa mgonjwa, uzito wake, dawa nyingine anazotumia na vipimo vya figo. Akiridhika huidhinisha, na hapo ndipo dawa hiyo huonekana katika kioo cha kabati. Mfamasia mmoja anaweza kuhudumia hospitali kadhaa kwa usiku mmoja. Jimbo la North Dakota, ambalo ni kubwa kwa eneo na lenye watu wachache, lilikuwa la kwanza Marekani kutunga kanuni za kuruhusu famasia ifanye kazi bila mfamasia kuwepo mahali pale, mwaka 2001, kwa kuwa vijiji vyake vilikuwa vikipoteza famasia zao. Hapa ndipo tofauti ya manufaa inapojidhihirisha. Hospitali kubwa ilikuwa na mfamasia kabla ya mashine na imebaki naye. Hospitali ndogo haikuwa na mfamasia usiku, na mashine imempa njia ya kufika. Kabati lisilounganishwa na mfamasia yeyote, hata likiwa la thamani kubwa, limeacha nje faida iliyo kubwa kuliko zote.

Hesabu, lawama na dawa zinazoharibika

Manufaa ya pili yanahusu kumbukumbu, na yana upande wa kijamii ambao tafiti za kiutawala huugusa kwa juujuu. Katika hospitali ya mji mkubwa, ampuli ya mofini ikipotea, uchunguzi huanza kwa watu wengi wasiofahamiana. Katika kituo chenye watumishi watano wanaoishi mtaa mmoja, ampuli iliyopotea huwa mzigo wa kila mmoja wao. Ufunguo ni mmoja, daftari linaandikwa kwa mikono minne, na hakuna anayeweza kuthibitisha kwamba hakuchukua. Kumbukumbu ya mashine humwonyesha aliyefungua, saa aliyofungua na idadi aliyoikuta. Kwa kawaida kumbukumbu hiyo huelezwa kuwa ni chombo cha kumkamata mwizi. Kwa mtumishi mwaminifu wa kituo kidogo, ni chombo cha kumwondoa katika tuhuma, na yamkini hiyo ndiyo sababu yenye nguvu zaidi ya watumishi kuipokea.

Upande wa akiba, kituo kidogo hukabiliwa na tatizo ambalo ukubwa huliondoa wenyewe. Dawa za dharura zisizotumika mara kwa mara lazima ziwepo, na kwa kuwa wagonjwa ni wachache, huisha muda zikiwa kabatini. Mashine inayojua tarehe ya kuisha muda ya kila dozi hutoa taarifa miezi kadhaa kabla, na dawa inaweza kuhamishiwa hospitali yenye wagonjwa wengi ikatumika huko. Daftari la karatasi lina uwezo huohuo kinadharia, mradi mtu alipekue kila mwezi.

Mahali kosa linapohamia

Itakuwa upotoshaji kueleza manufaa haya bila kueleza kwamba mashine haifuti kosa. Mara nyingine hulihamisha kutoka mkono mmoja hadi mwingine. Matukio mawili yaliyoandikwa sana, yote ya hospitali kubwa, yanatoa funzo kwa vituo vidogo.

La kwanza lilitokea Indianapolis mwezi Septemba 2006. Vichupa vya heparini vyenye yuniti 10,000 kwa mililita viliwekwa katika droo ya kabati la wodi ya watoto wachanga, mahali pa vichupa vya yuniti 10 kwa mililita. Vichupa vilifanana kwa ukubwa, na lebo zake zilikuwa za rangi ya samawati. Wauguzi waliomba dawa sahihi, mashine ikafungua droo sahihi, nao wakachukua kilichokuwamo. Watoto sita walipewa kipimo kikubwa mara 1,000 kuliko kilichokusudiwa, na watatu wakafariki. Kosa lilifanywa wakati wa kujaza kabati, na imani ya wauguzi kwa mashine ililisafirisha hadi kitandani.

La pili lilitokea Nashville mwezi Desemba 2017. Muuguzi alihitaji dawa ya kutuliza inayojulikana kwa jina la kibiashara Versed, ambayo jina lake la kitaalamu ni midazolamu. Aliandika herufi mbili za mwanzo, VE, katika kabati lililopangwa kwa majina ya kitaalamu. Akatumia njia ya dharura isiyosubiri idhini ya mfamasia, akatoa vekuroniamu, dawa inayopoozesha misuli, pamoja na ile ya kupumulia. Mgonjwa alifariki. Mwaka 2022 muuguzi huyo alitiwa hatiani na mahakama na kupewa kifungo cha nje cha miaka mitatu, hukumu iliyozua mjadala mkubwa miongoni mwa wauguzi wa nchi hiyo. Baadaye taasisi inayoshughulikia usalama wa matumizi ya dawa nchini humo, ISMP, ilipendekeza kwamba kabati lidai angalau herufi tano kabla ya kuonyesha orodha ya dawa.

Katika kituo kidogo, matukio haya mawili yanagusa udhaifu uliopo tayari. Anayejaza kabati mchana ndiye anayelitumia usiku, hivyo kosa la kujaza halikutani na jicho la pili. Na pale ambapo mfamasia hapatikani kwa haraka, njia ya dharura hugeuka kuwa njia ya kila siku. Kwa hiyo, ukaguzi wa msimbopau wakati wa kujaza, ambao hospitali kubwa huweza kuuona kama nyongeza, ni sharti la msingi kwa kituo kidogo. Idadi ya mara ambazo njia ya dharura imetumika kwa mwezi nayo ni kipimo kizuri cha afya ya mfumo, kuliko hata idadi ya dozi zilizotolewa.

Alexandra: mashine inayomhudumia mgonjwa moja kwa moja

Barani Afrika, mfano unaofahamika zaidi ulichukua njia tofauti. Mwaka 2018, katika jengo la maduka la mtaa wa Alexandra, Johannesburg, ilizinduliwa mashine ya kutolea dawa inayofanana kwa umbo na mashine ya benki ya kutolea fedha. Nyuma ya ukuta imo roboti inayochukua paketi za dawa rafuni. Mgonjwa huingiza kadi na namba ya siri, huzungumza kwa video na mfamasia aliye kwingineko, roboti huchagua dawa na kubandika lebo, na dawa hutoka kupitia tundu pamoja na risiti inayoonyesha tarehe ya kurudi. Waliolengwa ni wagonjwa wa maradhi ya muda mrefu ambao hali yao imetengemaa: wanaoishi na virusi vya UKIMWI, wenye kisukari, wenye shinikizo la damu. Mpango huo ulikuwa sehemu ya juhudi pana zaidi za Afrika Kusini, zilizoanza mwaka 2014, za kuwapelekea wagonjwa wa aina hiyo dawa zilizofungashwa tayari katika vituo vya karibu nao nje ya kliniki.

Faida yake kuu ni muda. Mgonjwa anayetumia dawa za kufubaza virusi huenda kliniki ili kupokea dawa zilezile alizopokea awali, na hupoteza nusu siku ya kazi katika foleni moja na mtoto mwenye homa. Wagonjwa hao wakiondolewa katika foleni, muuguzi wa kliniki hubaki na muda wa kumwona anayeumwa. Kwa maneno mengine, kliniki ndogo ilinufaika na mashine ambayo haikuwekwa ndani yake. Mpaka wa mfano huu nao uko wazi: mgonjwa mpya, mjamzito mwenye dalili za hatari, au mgonjwa ambaye dawa yake imebadilishwa leo hapaswi kupelekwa kwenye tundu la ukuta.

Zahanati na kituo cha afya nchini Tanzania

Mifano hii inapohamishiwa Tanzania, ngazi mbili za huduma zinapaswa kutenganishwa. Katika zahanati, anayesimama dirisha la dawa mara nyingi ni muuguzi au mhudumu wa afya, naye huhesabu vidonge kutoka kopo, huvitia katika bahasha na kuandika “moja mara tatu”. Hesabu rahisi inaonyesha kinachopotea hapo. Dawa ya kidonge kimoja mara tatu kwa siku 5 ni vidonge 15. Kopo la vidonge 1,000 linatosha wagonjwa 66 na vidonge 10 kubaki. Ikiwa kila bahasha imezidishwa kidonge kimoja kwa haraka ya kuhesabu, kopo linaishia kwa mgonjwa wa 62. Wagonjwa wanne wamekosa dozi kamili, na leja haitaonyesha sababu.

Hata hivyo, kupendekeza kabati la kompyuta kwa zahanati ya namna hiyo ni kuanzia mwisho. Faida inayotafutwa inaweza kupatikana kwa kiasi kikubwa katika kifungashio. Dawa mseto ya malaria, ALu, imethibitisha jambo hilo kwa muda mrefu: vidonge hufungashwa kwa dozi kamili kulingana na uzito wa mgonjwa, hivyo mtoa dawa huchagua pakiti badala ya kuhesabu. Kuipanua kanuni hiyo kwa viuavijasumu vya vidonge kungeondoa sehemu kubwa ya makosa ya kuhesabu bila kuhitaji umeme. Vilevile, mashine haizalishi dawa. Zahanati iliyokosa amoksilini kwa wiki tatu haisaidiwi na droo inayofunguka kwa alama ya kidole. Tatizo lake liko katika maoteo ya mahitaji, fedha na safari ya shehena kutoka Bohari ya Dawa.

Kituo cha afya kinachofanya upasuaji wa dharura kwa wajawazito kina hali nyingine. Kinalaza wagonjwa, kinafanya kazi usiku, na kinatunza dawa ambazo kosa lake huua kwa dakika: magnesiamu salfeti, ketamini, pethidini. Kwa sifa hizo kinakaribiana na hospitali ya vitanda 25 ya Marekani kuliko kinavyokaribiana na zahanati ya jirani yake, na hapo ndipo kabati dogo lenye vifuniko, likiunganishwa na mfamasia wa hospitali ya wilaya, linaweza kuhalalisha gharama yake. Masharti ya kiufundi ni machache lakini hayana mbadala. Kabati lazima liwe na betri ya kulihudumia umeme unapokatika, na njia ya kulifungua kwa ufunguo wa kawaida mbele ya mashahidi wawili iwapo betri nayo itaisha. Mkataba wa ununuzi lazima utaje fundi aliye nchini na muda wa kufika kwake. Oksitosini, dawa inayohitajika kwa haraka kuliko karibu zote katika chumba cha kujifungulia, hutunzwa katika nyuzijoto 2 hadi 8 za Selsiasi, hivyo haiwezi kukaa katika droo za kawaida. Jokofu lake linahitaji kufuli linaloendeshwa na mfumo uleule, la sivyo dawa inayotolewa mara nyingi zaidi usiku itabaki nje ya kumbukumbu zote.